Mwenye Chombo na Nahodha

Miongoni mwa matamanio ya mtu wa pwani aliyejaaliwa mshahara wa kumtosha na kumsaza, limo moja ambalo babu zake hawakulijua: kuwa na mashua ndogo ya mashine, si kwa kuvulia wala kuchukulia shehena, bali kwa kujifurahisha tu. Mashua ya jinsi hiyo ni chombo cha futi 15 au 16 kilichofinyangwa kwa faiba, chenye mashine ya petroli iliyotundikwa tezini, na nafasi ya watu watano au sita. Siku ya mapumziko mwenyewe hushuka nayo mtoni pamoja na watu wa nyumbani mwake, wakapanda juu kutazama mikoko na ndege, au wakatoka mlangoni kwenda kuogelea kwenye fungu la mchanga, na jioni wakarudi. Kwa wengi hilo ni jambo la mchezo lisilostahili kalamu. Walakini ununuzi huu una swali ndani yake ambalo ununuzi wa kabati au redio hauna. Mtu anunuapo chombo, hununua nini hasa, na ni kitu gani ambacho muuzaji hana cha kumpa hata akilipwa mara mbili?

Watu hawaanzi kwa swali hilo. Huanza kwa kuuliza kama si israfu. Pale Pangani, ambapo mto utokao Kilimanjaro na Meru huingia baharini baada ya mwendo wa karibu kilomita 500, mashua ya furaha hulala juu ya mchanga ule ule inapolala ngalawa ya mvuvi, na mvuvi huyo huenda kwa tanga lililotiwa viraka kwa kuwa bei ya mashine imemshinda. Dau la mnyonge haliendi joshi. Mtu hawezi kupita kati ya vyombo viwili hivyo bila kuona kwamba mashine ile moja ingebadili mwaka mzima wa nyumba moja, na sasa inamchukua mtu kwenda kuogelea. Hoja hii ni nzito, na anayeipuuza kwa kusema kwamba fedha ni zake amejibu jambo ambalo hakuulizwa. Hakuna aliyekana kwamba fedha ni zake.

Hata hivyo hoja ya israfu ikifuatwa hadi mwisho wake huwakumba wasiokusudiwa. Itaupiga marufuku mlango wa nakshi, maana ubao mtupu nao huzuia mwizi. Itaipiga marufuku kofia ya vito, na ngoma ya harusi, na resi za majahazi zifanywazo Lamu, ambamo vyombo vya kazi huachishwa kazi na kushindanishwa kwa ajili ya furaha na fahari. Watu wa pwani hawakupata kuamini kwamba maji yameumbwa kwa ajili ya chumo peke yake. Na Aristotle, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, alifundisha kwamba watu hufanya kazi ili wapate faragha, wala si faragha ili wapate kufanya kazi. Kwa fundisho hilo saa ya kukaa juu ya maji bila haja si mwizi wa saa za kazi. Huenda ikawa ndiyo saa iliyokuwa ikitafutwa na zile nyingine zote.

Lakini faragha ya Aristotle si kila kupumzika. Blaise Pascal, Mfaransa aliyefariki mwaka 1662, aliona kwamba mtu awindaye sungura asingemtaka sungura huyo lau angeletewa bure. Akitakacho ni mbio, kwa sababu mbio humzuia asijifikirie. Katika wanunuzi wa mashua wamo wa aina hiyo, na dalili yao ni kwamba hawafiki mahali. Huondoka kwa kishindo, hufika fungu la mchanga, hukaa dakika kumi, kisha huona uvivu na kutaka kwenda fungu jingine. Maji kwao ni barabara. Wako na wengine wa kinyume chake, ambao mfano wao uliwekwa na Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliposimulia habari za msafiri wa kuhiji na ngamia wake. Ni wajibu wa msafiri kumlisha ngamia na kumtunza, lakini akishinda kutwa akimhudumia na kumpamba, msafara utakwenda zake na kumwacha jangwani. Mashua ya mashine ni ngamia mwenye madai mengi. Kila itokapo katika maji ya chumvi mashine yake yataka kuoshwa ndani kwa maji baridi. Kipande cha zinki kilichowekwa ili kiliwe na chumvi badala ya chuma kingine chataka kubadilishwa. Petroli iliyokaa miezi huharibika na kuziba njia zake. Wapo waliomiliki mashua kwa miaka mitatu na kuwa baharini siku kumi na mbili. Hao wamepata kazi ya pili isiyo na mshahara, na wala si haki kuwaita wapenda anasa.

Basi israfu ipo, na furaha ya halali ipo, na mpaka kati yao haukuchorwa na bei. Hapo hoja ya kwanza yaweza kuachwa, kwa kuwa iliyo nzito zaidi haijaguswa.

Historia ya mashine yenyewe inasaidia kuifikia. Mwaka 1886 Gottlieb Daimler na mwenziwe Wilhelm Maybach waliweka injini ya petroli katika mashua, wakaijaribu katika mto Neckar huko Ujerumani. Husimuliwa kwamba, kwa vile watu waliogopa petroli isije ikalipuka, waliipamba mashua kwa nyaya na vikombe vya kauri ili idhaniwe kuwa inakwenda kwa umeme. Miaka ishirini na ushei baadaye Ole Evinrude, Mmarekani mzaliwa wa Norwei, alitengeneza mashine ya kutundika nyuma ya mashua ambayo mtu yeyote angeweza kuinunua, na mwaka 1909 akaanza biashara yake huko Milwaukee. Sababu isimuliwayo ni nzuri mno hata yafaa isimuliwe tena: siku moja ya joto alivuta makasia kuvuka ziwa kumletea mchumba wake askrimu, na alipofika ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Mashine zenye jina lake ziliuzwa hadi mwaka 2020 zilipoachwa kutengenezwa. Katika visa hivi viwili jambo moja hurudia. Tangu mwanzo mashine ya mashua iliuzwa kwa kuficha hatari na kuahidi upesi. Hayo si makosa ya uhandisi, maana mashine ilitimiza ahadi yake. Ilimpa nguvu ya kwenda mbali mtu ambaye hakuwa amejifunza kwenda karibu.

Tanga lina tabia moja njema ambayo haijasifiwa vya kutosha: humzuia mjinga karibu na pwani. Asiyejua kubisha hatoki. Asiyejua kupindua foromali hupinduliwa yeye, tena mahali ambapo maji ni ya kifua na watoto wanatazama na kucheka. Ujuzi na uwezo hukua pamoja, kwa kuwa uwezo wenyewe ni ujuzi. Hata anayefika mbali kwa tanga amefika kwa kuuliza upepo kila hatua, na aliyezoea kuuliza wakati wa kwenda hasahau kuuliza wakati wa kurudi. Mashine ya nguvu za farasi 40 hukata shina hilo. Mtu aliyeinunua Jumatano aweza Jumamosi kuwa maili kumi kutoka nchi kavu, pamoja na watoto, akijua kitu kimoja tu, kwamba ukizungusha mkono wa mashine hivi inakwenda na ukizungusha vile inapunguza. Amefika mahali ambapo ujuzi ulitakiwa uwe umemtangulia, na ujuzi haukusafiri naye.

Mlango wa Pangani ni mwalimu wa jambo hili. Mto hutoa maji yake mchana na usiku. Bahari nayo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, ikichelewa kila siku kwa kadiri ya dakika 50. Wakati wa kupwa, maji ya mto na maji ya bahari hutoka pamoja kwa mkondo wenye nguvu, hasa siku za bamvua, baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Na mlangoni kuna fungu, ambapo kina hupungua. Katika miezi ya kusi, upepo wa bahari ukishika mchana, mawimbi hutoka nje kuingia ndani na mkondo hutoka ndani kwenda nje. Vikutanapo juu ya fungu, wimbi lililokuwa limelala husimama wima na kuvunjika. Aliyetoka asubuhi katika maji yaliyotulia kama mafuta haoni lolote la kumwonya. Mkondo wampeleka nje kwa furaha, mashine yanguruma kidogo tu, na wageni wasifu upesi wa chombo. Saa tisa alasiri arudi na kukuta mlango si ule alioutokea. Petroli, ambayo mashine ya kadiri hiyo ikienda kwa nguvu zake zote huinywa kwa kiasi cha lita 15 kwa saa, aliipima kwa mwendo wa asubuhi. Wenye busara huigawa mafungu matatu, moja la kwendea, moja la kurudia, na la tatu la yale yasiyojulikana. Yeye aliigawa mawili.

Na achukuliwe kwa mfano mnunuzi mmoja aliyeleta mashua yake mpya ufukoni, akamwendea mzee wa mitumbwi na kumwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Kesho nataka kutoka na watoto kwenda Maziwe. Yafaa?"

"Marahaba, mwanangu. Leo mwezi ngapi?"

"Leo tarehe kumi na nne, mzee."

Mzee hakucheka. Aliuliza umri wa mwezi wa mbinguni, naye akajibiwa kwa kalenda ya ofisini. Wala haifai kumfanya mnunuzi huyo kichekesho, maana si mjinga. Simu iliyo mfukoni mwake ingemwambia saa za kujaa na kupwa katika bandari ya Tanga kwa dakika zake, jambo ambalo mzee hawezi. Elimu haikukosekana. Kilichokosekana ni desturi ya kuona kwamba swali lile linamhusu. Mtu wa tanga hakuhitaji kuwa mwema ili aulize habari za maji, kwa kuwa asipouliza haendi. Mtu wa mashine asipouliza huenda vilevile. Kwa hiyo lile lililokuwa lazima ya kazi limegeuka kuwa wajibu wa dhamiri, na hapo ndipo ununuzi wa mashua uingiapo katika falsafa ya maadili bila kubisha hodi.

Lugha ya Kiswahili inalo neno lenye kufaa kutazamwa hapa. Neno nahodha ni la asili ya Kiajemi, na maana yake ya kwanza ilikuwa bwana wa chombo. Katika maandishi ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi wa karne za kati, aghalabu nahodha ni mwenye chombo mwenyewe. Pwani ya Waswahili ilizoea kuwatenga wawili hao: tajiri hubaki barazani kwake akingoja hesabu, na nahodha huenda na chombo. Tajiri aweza kusema chombo kiende Mombasa au Unguja, lakini asubuhi ya safari nahodha akitazama mbingu na kusema leo hatutoki, neno la tajiri limekwisha. Mpango huo ulikuwa na hekima ambayo pengine hata walioufuata hawakuitamka. Yeye mwenye hamu ya faida hakuwa ndiye mwenye kuamua hatari, na mwenye kuamua hatari alikuwa ndani ya hatari hiyo.

Mashua ya furaha imewarudisha wawili katika mwili mmoja. Mwenye chombo ndiye nahodha, na tena ndiye mwenyeji wa wageni. Methali husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Haikusema lolote juu ya chombo ambacho nahodha wake hana mtu wa kumpinga. Fedha zimemfanya kuwa mwenye chombo kwa saa moja dukani, na kwa saa hiyo hiyo watu wamekwisha kumwita nahodha kwa utani, na utani ukirudiwa hugeuka cheo. Hakuna aliyempa. Hata cheti cha usajili na ukaguzi, ambacho Tanzania Bara hutolewa na Shirika la Uwakala wa Meli, hushuhudia hali ya chombo na vifaa vyake, wala hakiwezi kumshuhudia mtu jinsi atakavyoamua siku ya upepo.

Ugumu wenyewe hauko baharini. Uko ufukoni, kabla ya kutoka. Wamealikwa watu watano, wamekuja wanane. Shangazi amekuja na mtoto wa jirani. Shemeji ameleta rafiki aliyetoka safari. Chakula kimepikwa, watoto wamekwisha kuvua viatu. Katika biashara, anayejaza chombo kupita kadiri husukumwa na tamaa, na tamaa ni aibu, watu huijua na kuilaumu. Mwenyeji husukumwa na ukarimu. Kumwambia shangazi yako ashuke ni jambo ambalo malezi yote ya mtu humkataza. Ndiyo maana anasa, kwa upande huu, ni ya hatari kuliko biashara: kosa lake huvaa nguo za wema. Jaketi tano za kuokolea zatosha watu watano, na mtoto wa jirani hakuhesabiwa na yeyote.

Tarehe 20 Septemba mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, kikikaribia gati. Kilijengwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kivuko si mashua ya furaha, na watu wale walikuwa katika haja zao za sokoni na nyumbani. Kulinganisha misiba si jambo la kufanywa kwa wepesi. Lakini hesabu ya maji ni moja kwa wote. Chombo hakijui nani amelipa nauli na nani amealikwa. Na mwenye mashua ana uwezo ambao hata mabaharia wa vivuko huwa hawana, yaani uwezo wa kuahirisha safari nzima bila mtu kukosa dawa wala chakula. Kwa kuwa safari yake haina haja, kila hatari ndani yake imechaguliwa. Hilo ndilo tofauti kubwa kati ya kwenda baharini kwa chumo na kwenda kwa raha, nalo lamzidishia dhima wala halimpunguzii.

Kuna na watu wasiomo chomboni. Mtoni mashua iendayo kasi huvuta nyuma yake mawimbi yaliyo madogo kwa mwenyewe, ambaye hayaoni kwa kuwa amewapa mgongo. Kwa mtu aliyeketi katika mtumbwi uliochimbwa kwa gogo moja, akivuka na kikapu cha nazi, wimbi la mkono mmoja latosha kuutia maji. Ukingo wa udongo huliwa nayo kidogo kidogo. Nje, nyavu za usiku huelea na kibuyu au chupa tupu kuwa ndiyo alama, na rafadha ikipita juu yake mvuvi amepoteza mtaji wake, na mara nyingi aliyeukata hakujua hata kwamba amekata kitu. Maziwe yenyewe ni somo. Kisiwa hicho kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, kikiwa na miti yake. Baadaye miti ilitoweka, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji makuu hulifunika, hata mayai ya kasa watagao pale huhamishwa kupelekwa nchi kavu yasizame. Nanga ikitupwa ovyo juu ya matumbawe ya pale, saa moja ya kuogelea huvunja kazi ya miaka. Kusini zaidi, katika delta ya Rufiji na pwani ya Kilwa, wamo nguva wachache waliobaki, wanyama wazito wa mwendo wanaolazimika kupanda juu kuvuta pumzi. Hawana njia ya kumkwepa mtu mwenye haraka.

Yasemwe haya bila ya kumvunja moyo mnunuzi. Kuna furaha juu ya maji isiyo na badala yake, na mtu aliyezima mashine yake katika kivuli cha mikoko, maji yakiwa yamesimama kati ya kujaa na kupwa, akisikia kaa wakigonga matope na mdiria akipiga mbizi, hahitaji kutetewa na Aristotle. Watoto wanaolelewa na saa kama hizo hujifunza kuketi kimya, elimu isiyofundishwa kwingine siku hizi. Suala ni njia ya kuzipata.

Njia iliyo karibu zaidi ni ile ambayo wanunuzi wengi huiruka. Kikamba chekundu kinachozima mashine, ambacho hufungwa kiunoni au mkononi ili mwendeshaji akirushwa majini chombo kisimame badala ya kumzunguka na kumrudia kwa rafadha, kimo katika bei ya mashine. Lakini aliyekivaa kila siku ni yule aliyefundishwa na mtu, si aliyesoma kijitabu. Na mtu huyo wa kufundisha yupo pale ufukoni. Mzee aliyeuliza umri wa mwezi anaujua mlango kwa miaka 50, anajua fungu lilihama lini na mvua zipi zilizolihamisha. Mnunuzi aliyelipa mamilioni ya shilingi kwa faiba na chuma humwendea mzee huyo, na amtakapo aende naye mwezi mmoja wa mwanzo humwekea posho ya kibarua wa kukumba maji, kwa hesabu kwamba hana cheti na kwamba kazi yake ni kuketi tu omoni.

Hapo ndipo hoja ya israfu iliyoachwa mwanzoni yarudi, ikiwa na uso mwingine. Haikuwa lazima mashua isinunuliwe ili mvuvi apate haki yake. Ilikuwa lazima thamani ya kile asicho nacho mnunuzi ikadiriwe kwa mizani ile ile iliyokadiria mashine. Mwezi mmoja wa mzee omoni, kwa ujira wa fundi, ungekuwa sehemu ndogo ya bei yote, na pamoja na ujira huo angepewa ruhusa moja ambayo haina gharama ila ugumu wa kuitoa: kwamba asubuhi yoyote akisema leo hatutoki, wote washuke, na shangazi akiwamo. Mapatano ya namna hiyo hufanywa kwa maneno machache tu, watu wawili wakiwa wamesimama mchangani, na mashua bado haijaguswa na maji.